UZI: Vimeng'enya vinavyoifungulia saratani njia ya kupenya na kusambaa mwilini

Mwanzisha uzi:

Wanajukwaa, salaam.

Tunapojadili saratani mara nyingi tunataja dalili, vipimo na dawa, lakini swali linaloamua hatima ya wagonjwa wengi huwa tunalipita: uvimbe ulioanzia kwenye titi unafikaje kwenye mfupa wa paja, na ule wa utumbo mpana unafikaje kwenye ini? Sehemu kubwa ya vifo vya saratani husababishwa na vivimbe vilivyoota mbali na mahali ugonjwa ulipoanzia, wala si uvimbe wa kwanza. Katika uzi huu nitashughulika na hatua moja tu ya safari hiyo, ile ya kupenya, na hasa kazi ya vimeng'enya, yaani zile protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini. Naomba mnivumilie kwa urefu, kwa sababu jambo hili likielezwa kwa mkato huishia kupotoshwa, na upotoshaji katika ugonjwa huu hugharimu maisha ya watu.

Tuanze na mpaka wenyewe. Saratani nyingi za watu wazima huchipuka kwenye seli za epithelia, ambazo hufunika ngozi na kutanda ndani ya vifereji vya titi, utumbo, njia za hewa, tezi dume na viungo vingine. Chini ya seli hizo kuna utando mwembamba sana uitwao utando wa msingi. Katika sehemu nyingi za mwili unene wake ni nanomita 50 hadi 100 hivi, kiasi kwamba tabaka elfu moja zikipangwa pamoja hazizidi sehemu moja ya kumi ya milimita. Umefumwa kwa kolajeni (protini ya nyuzi inayoipa tishu uimara) ya aina ya IV na protini iitwayo laminini, na matundu yake ni madogo kiasi cha kuruhusu maji, chumvi na virutubisho vipite huku yakizuia seli nzima. Ng'ambo ya utando huo ndiko iliko tishu unganishi, yenye nyuzi nene za kolajeni ya aina ya I, mishipa ya damu na mishipa ya limfu.

Seli zilizogeuka kuwa za saratani zikibaki upande wa juu wa utando, hata ziwe nyingi namna gani, hazina mshipa wa kuingilia. Hali hiyo ndiyo ambayo mtaalamu wa patholojia huiandika kuwa saratani iliyo mahali pake, na madaktari huiita hatua ya sifuri. Ikiondolewa yote kwa upasuaji, kwa kawaida mgonjwa hupona. Utando ukishatobolewa, ripoti hubadilika na kusema saratani vamizi, na mazungumzo kati ya daktari na mgonjwa hubadilika pia. Kwa maoni yangu, katika patholojia nzima ya saratani hakuna mstari unaostahili kueleweka na mgonjwa kuliko huu.

Mwaka 1980, Lance Liotta na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliogusa mstari huo moja kwa moja. Walichukua seli za vivimbe vya panya zenye uwezo tofauti wa kusambaa, wakapima ni kwa kiasi gani kila aina inaweza kuisaga kolajeni ya utando wa msingi. Walikuta kwamba seli zilizosambaa zaidi katika miili ya panya ndizo zilizoisaga kolajeni hiyo zaidi. Tangu hapo watafiti wengi waliamini kuwa wameipata silaha ya saratani, na kwamba kazi iliyobaki ni kuinyang'anya.

Ila kimeng'enya cha kuvunja kolajeni hakikugunduliwa kwenye saratani. Kiligunduliwa kwenye mkia wa kiluwiluwi. Kiluwiluwi anapogeuka kuwa chura mkia wake huyeyuka kwa muda mfupi, na mkia huo umejaa kolajeni, protini ambayo vimeng'enya vya kawaida vya kumeng'enya protini, kama tripsini, haviwezi kuikata ikiwa imara katika joto la mwili. Jerome Gross na Charles Lapière walitaka kujua ni kitu gani kinachoiondoa. Waliandaa sahani zenye jeli ya kolajeni, ambayo ikiganda huwa nyeupe na haipitishi mwanga vizuri, kisha wakaweka juu yake vipande vya mkia vilivyo hai na kuviacha katika joto linalofaa. Kuzunguka kila kipande jeli ilianza kuwa angavu, duara likapanuka, na mahali palipokuwa na weupe pakabaki umajimaji tu. Vipande vilivyouawa kwanza havikufanya hivyo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1962, na kimeng'enya hicho kikaitwa kolajenasi.

Namna kinavyofanya kazi ni ya kushangaza kwa usahihi wake. Molekuli ya kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kwa nguvu, zenye urefu wa nanomita 300 hivi. Kolajenasi haitafuni ovyo, bali hulegeza msokoto mahali pamoja maalumu, takribani robo tatu ya urefu kutoka ncha moja, na kuzikata nyuzi zote tatu hapo hapo. Baada ya mkato huo vipande viwili vinavyobaki haviwezi tena kustahimili joto la mwili. Hufumuka vyenyewe na kuwa jelatini, ambayo vimeng'enya vingine huimaliza bila shida.

Leo tunajua kwamba kolajenasi hiyo ni mmoja tu wa ukoo mkubwa uitwao metaloproteinasi za matriksi (matriksi ni mtandao wa nyuzi unaozizunguka seli), ambao kwa kifupi huandikwa MMP. Binadamu ana MMP 23. Zote hutegemea atomi ya zinki iliyo katikati ya mahali pa kukatia, na karibu zote hutengenezwa zikiwa zimefungwa: kipande cha mwanzo cha protini huinama na kuishika ile zinki kwa atomi ya salfa, na kimeng'enya hakiwezi kufanya lolote mpaka kipande hicho kikatwe au kilegezwe. MMP-1 ni kolajenasi ya nyuzi nene, na MMP-2 na MMP-9 humalizia jelatini na kushambulia kolajeni ya aina ya IV. Mwili pia una protini nne za kuzizuia, zinazoitwa TIMP, na katika tishu yenye afya pande hizi mbili hukaa katika mizani.

Kati ya wote, ninayemwona kuwa muhimu zaidi kwa mada yetu ni MMP-14, ambayo timu ya watafiti wa Japani akiwemo Hiroshi Sato na Motoharu Seiki iliieleza mwaka 1994. Tofauti na ndugu zake wengi wanaomwagwa nje ya seli, MMP-14 imepigiliwa kwenye ngozi ya seli yenyewe, hivyo seli huikata kolajeni pale tu inapoigusa. Zaidi ya hapo, ndiyo inayoifungua MMP-2, na hufanya hivyo kwa namna ambayo watu wengi huiona kinyume: molekuli moja ya MMP-14 hushikana na kizuizi TIMP-2, kizuizi hicho huikamata MMP-2 iliyofungwa na kuisogeza karibu, kisha MMP-14 nyingine iliyo jirani huikata na kuifungua. Maana yake ni kwamba kizuizi kile kile, kikiwa kwa kiasi kidogo, husaidia kuwasha kimeng'enya, na kikizidi hukizima. Naomba mlishike jambo hili, kwa sababu tutakapofika kwenye dawa litatusaidia kuelewa kwa nini hesabu rahisi zilikataa.

Mwanzisha uzi (muendelezo):

Seli ya saratani haimwagi vimeng'enya pande zote. Ukichukua kioo cha hadubini, ukakipaka jelatini iliyotiwa rangi inayong'aa, kisha ukaweka seli vamizi juu yake kwa saa kadhaa, utaona kitu ambacho maelezo ya maneno hayawezi kukifikisha vizuri. Kioo chote kinang'aa, isipokuwa chini ya baadhi ya seli, ambako kuna vitundu vyeusi vya mviringo, vingi vikiwa na upana wa mikromita moja hivi. Juu ya kila kitundu kuna mguu mdogo wa seli uliojaa nyuzi za aktini, na kwenye ncha ya mguu huo ndipo MMP-14 inapokusanywa. Miguu hiyo huitwa invadopodia. Mguu husukuma na kimeng'enya hukata; kazi mbili zinafanyika mahali pamoja, na seli hujivuta kupitia upenyo uliopatikana.

MMP hazifanyi kazi peke yake. Mfumo wa pili ni wa plasmini, kimeng'enya ambacho kazi yake inayojulikana zaidi ni kuyeyusha damu iliyoganda. Ini hutengeneza plasminojeni, yaani plasmini ambayo bado haijawashwa, kwa wingi na kuimwaga katika damu, hivyo malighafi ipo kila mahali. Seli ya saratani, au jirani yake, inachohitaji ni kutoa urokinasi, kimeng'enya kinachoiwasha plasminojeni, na kuishika kwenye kipokezi kilicho juu ya ngozi ya seli. Papo hapo plasminojeni inayopita hugeuzwa kuwa plasmini, ambayo husaga laminini na fibrini na pia kuzifungua baadhi ya MMP. Mfumo wa tatu ni wa kathepsini, ambazo kwa kawaida hukaa ndani ya laisosomu, vifuko ambamo seli humeng'enyea taka zake. Kathepsini hupenda mazingira ya asidi, na kwa kuwa uvimbe unaotumia sukari kwa kasi huzalisha asidi nyingi kuuzunguka, kathepsini B na L zinazotoka nje hukuta mazingira yanayozifaa. Kuna pia heparanasi, ambayo haikati protini bali hukata minyororo ya sukari iitwayo heparani salfeti iliyo ndani ya utando wa msingi.

Hiyo heparanasi inatufikisha kwenye jambo ambalo maelezo mengi ya mtandaoni huliacha. Tishu inayozunguka seli haikai kama saruji tu. Ni ghala pia. Ndani yake zimehifadhiwa protini za ukuaji zikiwa zimeshikizwa kwenye nyuzi na minyororo ya sukari, zikiwemo VEGF inayoita mishipa mipya ya damu na TGF-beta inayobadili tabia za seli. Kimeng'enya kinapokata nyuzi, kwa wakati huo huo hufungua ghala. MMP-9, kwa mfano, huachilia VEGF, na mishipa mipya inayoota kwa mwito huo huleta chakula kwa uvimbe na njia ya kutokea kwa seli zake. MMP-3 na MMP-7 huweza kuikata E-kadherini, protini inayozishikanisha seli za epithelia, na seli zilizokuwa zimeshikamana huanza kuachana. Anayeviona vimeng'enya hivi kuwa ni vya kubomoa tu anakosa zaidi ya nusu ya habari.

Sasa nifike kwenye hoja iliyonifanya nianzishe uzi huu. Saratani haikubuni kimeng'enya hata kimoja kati ya hivi. Vyote ni vya mwili. Kidonda hakifungi bila MMP, kwa sababu seli mpya za ngozi hulazimika kukata njia chini ya gamba. Mimba haishiki bila seli za kondo la nyuma kupenya ukuta wa mji wa mimba kwa vimeng'enya hivi hivi, na tofauti yake na saratani ni kwamba seli hizo hujua mahali pa kuishia. Chembechembe nyeupe za damu hutumia vimeng'enya zinapoelekea kwenye maambukizi.

Si hivyo tu, mara nyingi hata anayevitengeneza si seli ya saratani. Mwaka 1990 timu ya Pierre Chambon nchini Ufaransa ilieleza kimeng'enya ambacho sasa huitwa MMP-11 katika saratani ya titi, na kilikuwa kikitengenezwa na fibroblasti (seli zinazotengeneza nyuzi za tishu unganishi) zilizouzunguka uvimbe, si na seli za uvimbe. Baadaye ilionekana kwamba sehemu kubwa ya MMP-9 hutoka kwa nyutrofili na makrofaji, seli za kinga zilizoitwa pale na uchochezi. Katika maabara, fibroblasti zimeonekana zikitangulia mbele, zikichimba njia katika kolajeni, na seli za saratani zikifuata nyuma kwa kundi huku bado zimeshikana. Uvimbe, kwa hiyo, ni jamii ya seli za aina nyingi, ambamo seli zenye jeni zisizo na kasoro hufanya kazi kwa faida ya seli zilizoharibika.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa maelezo ya kina. Ikiwa vimeng'enya hivi vimejulikana tangu 1962 na 1980, kwa nini wagonjwa hawapewi dawa ya kuvizuia? Je, hakuna aliyejaribu?

Mwanzisha uzi:

Ndugu, walijaribu, na kwa nguvu kubwa. Katika miaka ya 1990 kampuni kadhaa zilitengeneza molekuli ndogo zinazoishika ile zinki na kuzizima MMP nyingi kwa pamoja. Batimastat ilitangulia, lakini haikuyeyuka vizuri na haikufaa kumezwa. Ikafuata marimastat ya vidonge, halafu tanomastat na prinomastat. Katika panya matokeo yalitia moyo sana. Katika binadamu majaribio makubwa yalishindwa moja baada ya jingine: katika saratani ya kongosho marimastat haikuishinda dawa ya kawaida ya gemcitabine, na mwaka 1999 majaribio ya tanomastat yalisitishwa baada ya kuonekana kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu ya seli ndogo waliopewa dawa hiyo walikuwa na hali mbaya kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Sababu ni zaidi ya moja, na nadhani uzito wake haulingani. Kubwa kwangu ni muda. Panya walipewa dawa uvimbe ukiwa mchanga, kabla au muda mfupi baada ya kupenya, ilhali wagonjwa walioshiriki wengi walikuwa na saratani ambayo tayari imesambaa. Kuzuia kupenya kwa mtu ambaye seli zake zimeshapenya miaka mingi iliyopita ni kutibu hatua iliyokwisha pita. Sababu ya pili ni kwamba MMP hazifanani kimaadili, kama naweza kusema hivyo, kwa sababu baadhi yake hulinda. Mwaka 2003 watafiti wa Hispania walionesha kwamba panya dume wasio na MMP-8 walipata vivimbe vingi zaidi vya ngozi, na MMP-12 hukata plasminojeni na kutoa kipande kiitwacho angiostatini, kinachozuia mishipa mipya ya damu isiote. Dawa iliyozima ukoo mzima ilizima adui na mlinzi kwa pamoja.

Tatu ni madhara. Marimastat iliwaletea wagonjwa maumivu na kukakamaa kwa viungo, mara nyingi kukianzia kwenye viungo vidogo vya mikono na kupanda hadi mabegani, kwa hiyo vipimo vya dawa vililazimika kupunguzwa na baadhi ya wagonjwa kupumzishwa. Hilo lilitarajiwa kwa kiasi fulani, kwa kuwa tishu za viungo hujengwa upya kila siku kwa vimeng'enya hivyo hivyo. Baadaye ilitengenezwa kingamwili iitwayo andecaliximab inayoishika MMP-9 peke yake ili kuepuka tatizo hilo, lakini ilipoongezwa kwenye tiba kemikali ya saratani ya tumbo katika jaribio kubwa haikurefusha maisha ya wagonjwa.

Mchangiaji wa pili:

Naomba kuongeza swali la kitaalamu kidogo. Nimewahi kusoma kwamba seli ya saratani inaweza kupita kwenye tishu hata vimeng'enya vyote vikizimwa. Ikiwa ni kweli, je, hoja nzima ya uzi huu haidhoofiki?

Mwanzisha uzi:

Ni swali zuri na ni kweli kwa sehemu yake. Mwaka 2003 Katarina Wolf, Peter Friedl na wenzao waliziweka seli za saratani ndani ya jeli ya kolajeni na kuzizuilia vimeng'enya vya kukata protini kwa mchanganyiko wa vizuizi. Ilitarajiwa kwamba seli zingekwama. Badala yake seli nyingi zilibadili umbo, zikaacha kujinyoosha na kuwa za mviringo, zikajibana na kupita katikati ya nyuzi kama amiba, bila kukata chochote. Hili nalo ni moja ya maelezo ya kwa nini dawa zile zilishindwa.

Hata hivyo kuna kikomo, na kikomo hicho ni kiini cha seli. Sehemu nyingine za seli zinaminyika sana, lakini kiini kina vinasaba vilivyofungashwa na ganda gumu kiasi. Mwaka 2013 kundi hilo hilo lilionesha kwamba seli za vivimbe zisizo na uwezo wa kukata hukwama matundu ya kolajeni yanapofikia eneo la mikromita za mraba 7 hivi, ambalo ni karibu sehemu moja ya kumi ya eneo la kiini kikiwa hakijabanwa. Seli zenye MMP hupanua tundu na kuendelea. Kwa hiyo katika tishu iliyolegea seli inaweza kupita bila kukata, na katika tishu iliyobana, pamoja na utando wa msingi ulio mzima, kukata kunabaki kuwa njia kuu. Hoja haidhoofiki, ila inapata mipaka yake, na mimi naona ni bora kuwa na hoja yenye mipaka inayojulikana.

Nikiwa hapo, niongeze kwamba kuna kimeng'enya kinachofanya kinyume cha kukata na bado kikaisaidia saratani. Kinaitwa lisili oksidasi, kinatumia shaba, na kazi yake ni kuzifunga nyuzi za kolajeni pamoja ili tishu iwe imara. Kikizidi, tishu inayozunguka uvimbe hukaza, na hali hiyo ya kukaza huzituma seli za saratani ishara za kukua na kupenya. Ugumu unaohisiwa kwa vidole kwenye baadhi ya vivimbe vya titi unatokana kwa sehemu na kolajeni nyingi iliyofungwa hivyo.

Mchangiaji wa tatu:

Ndugu zangu, mimi si mtaalamu, ila nina mgonjwa nyumbani na naomba majibu ya mambo mawili. La kwanza, kuna watu wanatuuzia vidonge vya vimeng'enya wakisema vinayeyusha uvimbe. La pili, ndugu wengine wanakataa mgonjwa asichukuliwe kinyama kwa ajili ya kipimo, wakidai uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa.

Mwanzisha uzi:

Pole sana kwa kuuguza, ndugu yetu, na tunamwombea mgonjwa wako nafuu. Nitajibu kwa uwazi kwa sababu yote mawili yanagusa maamuzi ya sasa hivi.

Kuhusu vidonge, wazo hilo ni la zamani; John Beard, mwanasayansi wa Uskoti, alilitetea mwanzoni mwa karne ya 20. Lilipimwa kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho isiyoweza kuondolewa kwa upasuaji katika utafiti uliofadhiliwa na serikali ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 32 walichagua tiba ya vimeng'enya vya kongosho pamoja na lishe maalumu na virutubisho, na 23 walichagua tiba kemikali. Nusu ya waliotumia tiba kemikali waliishi zaidi ya miezi 14, na nusu ya waliotumia vimeng'enya walifariki kabla ya miezi 4.3 kutimia. Kwa kuwa wagonjwa walijichagulia wenyewe, utafiti huo una udhaifu wake, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza. Vimeng'enya vya kongosho vina matumizi halali kwa mgonjwa ambaye kongosho lake limeshindwa kumeng'enya chakula, na hapo daktari huviandika ili mgonjwa ale na kunyonya mafuta vizuri. Kuyeyusha uvimbe ni dai tofauti kabisa. Tafadhali msiache tiba ya hospitali kwa sababu ya vidonge hivyo.

Kuhusu kinyama, seli haisambai kwa sababu imeguswa. Ili iote mahali pengine inatakiwa ipenye, iingie kwenye mshipa, istahimili msukosuko wa damu na mashambulizi ya kinga, itoke nje ya mshipa, kisha ipate mazingira yanayoikubali; na idadi kubwa mno ya seli zinazoingia kwenye damu hufa bila kuzaa chochote. Seli kupandwa kwenye njia ya sindano kumewahi kutokea, lakini ni nadra katika saratani nyingi, na pale ambapo hatari hiyo inajulikana, kama katika baadhi ya vivimbe vya korodani, madaktari hubadili utaratibu na kuondoa kiungo kizima badala ya kuchoma sindano. Bila kinyama hakuna anayeweza kusema kama utando wa msingi umetobolewa au la, na tiba sahihi hutegemea jibu hilo.

Mchangiaji wa kwanza:

Swali langu la mwisho, mkuu. Ikiwa kuvizuia kumeshindikana, je, elimu hii yote ina matumizi yoyote kwa mgonjwa leo?

Mwanzisha uzi:

Ina matumizi, ingawa si yale yaliyotarajiwa mwaka 1980. Kipimo cha PSA ambacho wanaume wengi wanakijua hupima kimeng'enya: PSA ni kikata protini cha tezi dume ambacho kazi yake ya asili ni kuyafanya manii kuwa mepesi. Katika saratani ya titi ambayo haijafika kwenye tezi za limfu, kiasi cha urokinasi na kizuizi chake PAI-1 ndani ya uvimbe kinaweza kumsaidia daktari kukadiria kama mgonjwa anaweza kuepushwa na tiba kemikali. La ajabu ni kwamba PAI-1 ikiwa nyingi ni dalili mbaya, ingawa ni kizuizi, jambo linalofanana na lile la TIMP-2 nililoomba mlishike.

Kwenye mifupa ndiko mafanikio ya wazi zaidi yalipopatikana. Seli ya saratani ikifika kwenye mfupa mara nyingi haichimbi yenyewe. Huzichochea osteoklasti, seli za mwili zenye kazi ya kubomoa mfupa uliochakaa, nazo humwaga asidi na kathepsini K. Mfupa unapobomolewa huachilia TGF-beta, ambayo huilisha saratani, nayo huzichochea osteoklasti tena. Dawa kama asidi ya zoledroni na denosumab, ambayo iliidhinishwa Marekani kwa kazi hii mwaka 2010, huzipunguza osteoklasti zenyewe, na mgonjwa hupata mivunjiko michache na maumivu kidogo. Hazimponyi saratani, lakini mtu anayeweza kutembea bila mfupa kuvunjika amepata kitu kikubwa.

Njia mpya zaidi imeacha kushindana na vimeng'enya na badala yake inavitumia kama alama. Aprili 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha pegulicianine, ambayo hudungwa kwenye mshipa saa 2 hadi 6 kabla ya kupiga picha wakati wa upasuaji wa kuondoa uvimbe wa titi. Molekuli hiyo ikiwa nzima haing'ai. Ikifika mahali penye kathepsini na MMP kwa wingi hukatwa, na kipande kilichokatwa huanza kutoa mwanga unaonaswa na kamera. Daktari akishauondoa uvimbe huingiza kifaa ndani ya shimo lililobaki na kutazama kama kuna sehemu bado inang'aa, ili aondoe masalia hayo papo hapo kabla ya kushona. Haigundui kila kitu, na baadhi ya wagonjwa hupata mzio mkali unaoweza kuhatarisha maisha, hivyo hutolewa tu mahali ambapo dawa na wahudumu wa kukabiliana na mzio huo wapo tayari.